Jabali la Mfalme na Udongo wa Waasi

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Lakini mwongo ni nani, ikiwa msimulizi ni mmoja tu, naye ndiye aliyeshinda?

Suali hili hunijia kila nitazamapo picha ya jabali la Bisitun, magharibi ya Iran. Hapo mfalme Darius wa Uajemi alichongesha ushindi wake kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Adui mmoja amemkanyaga; mbele yake wamepangwa mateka tisa, mikono nyuma, kamba shingoni.

Darius alishika ufalme mwaka 522 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mara nchi zikamwasi: Elamu, Babeli, Umedi, Armenia, Parthia, hata Misri. Mwenyewe ajigamba kwamba alipigana vita 19 na kuwashika wafalme tisa katika mwaka mmoja. Phraortes wa Umedi alikatwa pua, masikio na ulimi, akatolewa jicho moja, akafungwa mlangoni watu wamtazame, kisha akatundikwa mtini. Wafalme hao wote tisa, jabali lawaita waongo.

Babeli iliasi mara mbili, mwaka 522 na 521. Viongozi wake, Nidintu-Bel na Arakha, kila mmoja alijiita Nebuchadnezzar, yule ambaye sisi tuliosoma visa vya Mitume twamjua kwa jina la Bukhtanasar. Jabali lasema walijitwalia jina lisilo lao. Haya, na iwe hivyo. Lakini kwa nini wakachagua jina lile? Babeli ilikuwa chini ya Waajemi tangu mwaka 539, na jina hilo liliwakumbusha watu siku walipokuwa na mfalme wao wenyewe.

Wala wafuasi wao hawakukosa ushahidi. Katika ardhi ya Babeli vimefukuliwa vibao vya udongo, hati za shughuli za watu, ambazo tarehe zake zimehesabiwa kwa utawala wa hao Nebuchadnezzar wawili. Hakuna aliyeziandika ili kujisifu. Ni watu walioandikiana mambo ya mali zao, wakataja mfalme wao, japo ufalme wenyewe ulikuwa wa miezi tu.

Basi, msomaji wangu, jabali lasema: hawa walikuwa waongo. Udongo wajibu: hawa walikuwa wafalme wetu. Tangu nilipoyajua hayo, kila nikisoma habari za mshindi, huuliza kwanza udongo wasemaje.