Land Rover Kuukuu na Kiinua Mgongo Changu

Nyuma ya jiko la shule moja ya msingi katika Kaunti ya Nyamira, chini ya mkaratusi, imelala Land Rover ambayo haijatembea kwa muda wa miaka kumi na mitatu. Kuku hutaga mayai chini ya usukani wake, na wanafunzi wa darasa la nne wameandika majina yao kwa misumari katika mlango wa kushoto. Majuma matatu yaliyopita alifika pale mfanyabiashara wa vyuma chakavu, mizani begani, akaizunguka mara mbili na kutaja bei kwa kilo. Nilipopata habari hizo sikupata usingizi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo changu kimo benki, mke wangu ana mipango yake juu ya fedha hizo, nami, ndugu msomaji, nina yangu.

Anayeijua Gusii kwa ramani peke yake huenda asinielewe. Kwetu hakuna tambarare ya kujivunia. Ni kilima juu ya kilima, kutoka Manga hadi Kiabonyoru, na baina ya kilima na kilima pana kijito. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Ndiyo maana migomba na majani ya chai hustawi, na ndiyo maana vilevile udongo wetu mwekundu hugeuka sabuni mara wingu linapokohoa. Kabla ya lami kuanza kututembelea, gari la kawaida lilikuwa mgeni wa kiangazi. Mvua ikishika, yaliyobaki barabarani yalikuwa miguu, punda wachache, trekta la kuvuta malori ya chai yaliyokwama, na Land Rover.

Nitasimulia siku moja tu. Ilikuwa Novemba 1997. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza kumwagika mwezi uliotangulia, nami nilikuwa msimamizi wa mtihani wa KCPE katika kituo kimoja kilicho mbali na barabara kuu. Karatasi za mtihani zililetwa kila asubuhi kutoka makao ya tarafa, zikilindwa na askari. Usiku wa kuamkia siku ya pili, daraja la magogo lilisombwa na maji. Pikapu iliyopewa kazi ya kuleta karatasi ikazama matopeni hadi kwenye ekseli. Watahiniwa wangu arobaini na mmoja waliketi madawatini, penseli zimechongwa, wengine bado wametota, na saa ya ukutani ikaendelea na shughuli zake bila huruma. Hapakuwa na simu. Nilisimama mlangoni nikitafakari jinsi ya kuwaambia watoto kwamba miaka minane ya masomo ilikuwa imekwama kwenye tope.

Tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa Land Rover ya dizeli, yenye sauti ile ya mzee anayekohoa lakini hakatai kazi. Dereva wake, mtu mzima aliyekuwa amezunguka vilima hivyo kwa miaka mingi akiwapeleka maafisa wa mifugo, alikuwa ameliacha daraja, akashuka bondeni kupitia shamba la mtu na kuvuka kijito mahali penye mawe. Mtihani ulianza ukiwa umechelewa kwa dakika hamsini. Jioni nilirudi naye tukiwa na karatasi zilizojibiwa, nikajionea kwa macho yangu. Tulipofika ukingoni alisimama kabisa, akauvuta kwake wenzo wenye kichwa chekundu, akatia gia ya kwanza, kisha akaondoa mguu kwenye breki na kuiacha injini ishuke kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani. Hakusema neno mpaka tulipofika ng'ambo. Hapo ndipo aliponiambia, "Mwalimu, gari hili halitaki haraka. Linataka kusikilizwa."

Mmoja wa watahiniwa wale hivi leo anafundisha hisabati katika shule hiyo niliyoitaja mwanzoni. Ndiye aliyenipigia simu kunijulisha habari za mizani.

Hata hivyo, haki itendeke. Wenzangu wengi wa rika langu huikumbuka Land Rover kana kwamba ilileta heri tupu. Nilipokuwa mtoto, tulipoona nambari zinazoanza kwa GK zikipanda kilima, tulikimbilia kwenye migomba. Huenda alikuwa bwana afya na sindano zake, huenda alikuwa mkaguzi wa shule, ambaye walimu wetu walimwogopa kuliko sisi tulivyoogopa sindano, na huenda walikuwa askari waliokuja kutafuta chang'aa. Gari la aina ile ile lililomleta daktari wa mifugo kumwokoa ng'ombe wa jirani yetu ndilo lililomchukua jirani mwenyewe usiku mmoja, na mkewe akatembea mpaka Kisii mjini kumtafuta. Anayeikumbuka Land Rover kwa mapenzi matupu aghalabu alikuwa ameketi ndani yake.

Basi kwa nini niitake? Sehemu ya jibu imo katika asili yake. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover huko Uingereza, alikuwa akitumia Jeep ya vita ya Kimarekani katika shamba lake, akaazimia kuunda gari la mkulima ambalo lingefanya kazi ile ile. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Uhaba huo wa Waingereza ukawa neema kwetu tunaoishi penye unyevu, maana alumini hailiwi na kutu kama bati la chuma. Ni balaa pia, kwa kuwa alumini huyeyushwa ikawa sufuria, na mwenye mizani analijua jambo hilo vizuri kuliko mimi.

Sisemi kwamba Land Rover ndiyo gari bora. Ningekuwa nikichagua kwa akili peke yake ningechukua Toyota Land Cruiser ya zamani, ile ya mfululizo wa 40 iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1960. Injini yake ina nguvu zaidi, na ekseli zake hazivunjiki ovyo. Dereva wa Land Rover ya zamani aliyetia pupa kwenye matope alizoea kuusikia mlio wa shafti ya nyuma ikikatika, kisha akasubiri kwa saa nyingi. Suzuki ndogo nayo si ya kudharauliwa, kwani hupita penye njia ya ng'ombe na kunywa mafuta kama ndege. Na ukweli mchungu ni kwamba vilima vyetu leo vimetekwa na Toyota Probox, gari lililozaliwa mwaka wa 2002 kwa ajili ya kubeba mizigo ya madukani huko Japani. Kwetu hubeba abiria, migomba na mbuzi kwa safari moja, na mara nyingi huendeshwa na kijana aliyeketi nusu juu ya mapaja ya abiria. Halina gia za milimani, lina ujasiri tu.

Lakini Land Rover naweza kuielewa. Injini yake inaonekana yote ukifungua boneti, na fundi wa jua kali huifungua kwa spana zile zile anazofungulia mashine ya kusagia mahindi. Betri ikifa, kuna chuma cha kuizungushia injini kwa mkono. Magari mapya ya fahari hayawaki mpaka kompyuta ikubali. Land Rover za namna ile hazitengenezwi tena. Ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, na Defender ya sasa ni kiumbe kingine kinachorithi jina. Wala siwezi kuagiza kuukuu kutoka Uingereza, maana kanuni zetu haziruhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini. Zilizopo ndizo hizi hizi, baadhi zikiwa zimeunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland. Nchi jirani wameuona utajiri huo mapema. Mnamo Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia, wakazipitisha barabarani kama maharusi.

Jumamosi iliyopita nilimchukua fundi kutoka Keroka, tukaenda kuikagua. Alilala chini yake kwa nusu saa akigongagonga kwa nyundo. Alipotoka alijipangusa na kunieleza kama daktari anayeeleza ndugu wa mgonjwa. Bodi ni nzima, injini haijakwama, lakini chesisi imeliwa na kutu upande wa nyuma, nayo lazima ikatwe na kuunganishwa upya. Breki zote hazifai. "Mzee, gari lipo," alisema, "ila utalinunua mara mbili." Akanitajia gharama. Sitaiandika hapa, kwa kuwa mke wangu husoma gazeti hili.

Yeye hapingi kwa kelele. Usiku ule aliniuliza maswali matatu tu. Je, litabeba majani ya chai mpaka kituo cha kununulia? Nikajibu litabeba. Je, litampeleka hospitali akiugua usiku wa mvua? Nikajibu ndiyo kazi liliyoumbiwa. Je, litawaka usiku huo? Hapo nilinyamaza, naye akageuka akalala.

Halmashauri ya shule itakutana Alhamisi kuamua kati ya barua yangu na mizani ya yule mfanyabiashara. Betri mpya nimekwisha kuinunua. Nimeificha ghalani, nyuma ya kuni.