Lenzi za Kisovieti katika kamera za leo: Hesi hukubali, jicho hukosewa

WAKATI wa adhuhuri katika eneo la Marungu, kusini-mashariki mwa mji wa Voi, jua huwaka kwa ukali ambao mpigapicha huuhesabu kuwa neema. Udongo mwekundu hung'aa, vichaka huonekana jani kwa jani, na Mlima Kasigau upande wa kusini hujichora waziwazi angani. Katika mwanga huo, hata lenzi kuukuu iliyoundwa zaidi ya nusu karne iliyopita hutoa picha ya kupendeza.

Ni jioni, mtu anapoketi barazani kwake na mwanga kufifia, ndipo tabia halisi ya lenzi hiyo hujulikana.

Nililijua hilo kwa gharama. Jioni moja niliwapiga picha nyanya yangu na dada yake mkubwa, mmoja baada ya mwingine, kutoka umbali wa mita moja hivi. Kamera yangu ilikuwa ya filamu, ya kizazi cha sasa, nami nilikuwa nimeifunga lenzi ya Kisovieti aina ya Jupiter-8. Filamu iliposafishwa, mapindo ya leso walizojitanda kichwani yalionekana uzi kwa uzi. Macho yao yalikuwa na ukungu.

"Mjukuu wangu," nyanya aliniuliza akiitazama picha yake, "mbona leso imeonekana kuniliko mimi?"

Yeye niliweza kumpiga picha nyingine. Dada yake alikuwa amefariki kabla filamu haijasafishwa.

Lenzi ile haikuwa mbovu, wala kamera haikuwa na hitilafu. Tatizo ni kwamba viwili hivyo havikupimwa kwa rula moja. Kwa kuwa lenzi hizi hupatikana kwa bei nafuu zikilinganishwa na zile za Leica, na wapenzi wa filamu wanaendelea kuzisaka, inafaa kueleza chanzo cha kosa hilo na namna ya kuliepuka.

Asili ya lenzi hizi

Mnamo 1934, kiwanda cha FED mjini Kharkiv, Ukraine, kilianza kuunda kamera kwa kuiga Leica II ya Ujerumani. Kiwanda hicho kilianzishwa katika makao ya vijana waliokuwa wakirandaranda mitaani, yaliyosimamiwa na mwalimu Anton Makarenko, na herufi FED zilitokana na jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky. Mwaka wa 1948, kiwanda cha KMZ huko Krasnogorsk, karibu na Moscow, kilianza kutoa kamera za Zorki za namna hiyohiyo.

Ujerumani iliposhindwa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mitambo, vioo na michoro ya kampuni ya Zeiss ilichukuliwa na Wasovieti. Humo ndimo zilimozaliwa lenzi za Jupiter. Jupiter-8, yenye urefu wa fokasi wa milimita 50 na tundu la f/2, na Jupiter-3, yenye tundu la f/1.5, zote zilitokana na lenzi za Sonnar ambazo mhandisi Ludwig Bertele alizibuni kwa ajili ya kamera za Contax. Jupiter-12 ya milimita 35 nayo ilitokana na Biogon, kazi nyingine ya Bertele.

Kwa hivyo, Wasovieti walikuwa na kamera iliyoiga Leica na lenzi iliyoiga Zeiss. Waliviunganisha kwa hesi ya Leica, yenye kipenyo cha milimita 39, na umbali wa milimita 28.8 kutoka mahali lenzi inapokaa hadi kwenye filamu.

Hesi hiyo ndiyo inayowezesha lenzi hizi kutumika hata leo. Voigtländer Bessa R, iliyotolewa Japani mwaka wa 2000, ina hesi hiyohiyo. Kamera zinazotumia mfumo wa Leica M, kama vile Bessa za baadaye ambazo uundaji wake ulikoma 2015, Leica MP ya 2003, M-A ya 2014 na M6 iliyorejeshwa sokoni mwaka wa 2022, huhitaji adapta tu: ringi ya chuma yenye unene wa milimita moja. Lenzi hufungwa barabara, na mnunuzi hudhani kazi imekwisha.

Kosa linapoingia

Katika kamera za aina hii, mpigapicha haoni kupitia lenzi. Huangalia kupitia kidirisha cha pembeni, ambamo taswira mbili za kitu kimoja huonekana zikiwa zimeachana. Anapozungusha lenzi, sehemu ya nyuma ya lenzi husukuma mkono mdogo uliomo ndani ya kamera, nazo taswira hizo husogeleana. Zikilaliana na kuwa moja, kamera huamini kwamba umbali umepatikana.

Kamera haioni kama picha ni kali au la. Inasoma tu kiasi ambacho lenzi imesogea, kisha inakitafsiri kuwa umbali.

Tafsiri hiyo ndiyo hutofautiana. Kamera za mfumo wa Leica hukadiria kwamba lenzi inayoitwa ya milimita 50 ina urefu halisi wa fokasi wa milimita 51.6 hivi. Lenzi za Kisovieti zilirithi kipimo cha Contax, kinachokaribia milimita 52.4. Zikifungwa kwenye Zorki au FED, ambazo zilipimwa kwa kipimo hichohicho, kosa hilo halitokei. Zikifungwa kwenye kamera iliyopimwa kwa kipimo cha Leica, hazisogei mbele vya kutosha zinapolenga kitu kilicho karibu.

Tofauti hiyo ya milimita 0.8 yaonekana ndogo mno, ila hesabu ni rahisi. Ukilenga jicho la mtu aliye umbali wa mita moja, mahali penye ukali zaidi huwa kama sentimita 3 nyuma ya jicho hilo. Kwa tundu la f/2, eneo linaloonekana kali kwa umbali huo ni kama sentimita 2 mbele na sentimita 2 nyuma. Jicho hubaki nje ya eneo hilo, na leso iliyo nyuma yake hunaswa barabara.

Kwa tundu la f/8, eneo hilo hupanuka hadi sentimita 8 hivi kila upande, na kosa humezwa lote. Mtu akiwa umbali wa mita 3, kosa hufikia sentimita 9, lakini hata kwa f/2 eneo lenye ukali ni kama sentimita 20 kila upande. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kuitumia lenzi hii mwaka mzima bila kugundua lolote, hadi siku atakapomsogelea ampendaye wakati wa magharibi.

Jua huficha, kivuli hufichua

Hapa ndipo mwanga wa Marungu humlaghai mpigapicha. Katika jua kali, filamu ya ISO 100 huhitaji tundu la f/16 kwa kasi ya sehemu 1 kwa 125 ya sekunde. Anayetaka kufungua lenzi hadi f/2 katika jua hilo atahitaji kasi ya 1 kwa 8000. Bessa hufika 1 kwa 2000, na Leica MP 1 kwa 1000 tu. Hana budi kutumia tundu dogo, na tundu dogo huficha kosa.

Wazee hawaketi juani. Wao hukaa barazani, chini ya mti au ndani ya nyumba penye dirisha moja, na huko ndiko lenzi hufunguliwa yote. Anayeijaribu lenzi yake kwa kupiga picha za Mlima Kasigau mchana hajaijaribu kamwe.

Namna ya kuijaribu

Jaribio lenyewe ni rahisi. Weka gazeti likiwa limeinama kwenye kiti au meza, na upige mstari wa wino mwekundu chini ya sentensi moja. Iweke kamera imara umbali wa mita moja, ulenge mstari huo, kisha upige picha kwa f/2, f/4 na f/8. Andika kila hatua kwenye daftari. Filamu ikisafishwa, tazama ni mistari ipi iliyo kali katika picha ya kwanza: ile yenye wino, iliyo mbele yake, au iliyo nyuma.

Asiyetaka kupoteza filamu anaweza kuufungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, akaweka kipande bapa cha plastiki yenye ukungu mahali filamu inapopita, akaacha kilango cha kamera wazi kwa alama ya B, kisha akaitazama taswira kwa kioo cha kukuza.

Usichukulie kwamba kila lenzi hukosea upande mmoja. Nyingi zimefunguliwa na mafundi mara kadhaa tangu zilipotoka kiwandani, na baadhi zilirudishwa bila ringi zake nyembamba za ndani. Lenzi yako ndiyo itakayokuambia ukweli wake.

Tiba

Ikiwa jaribio litaonyesha kosa la sentimita 3 nyuma, tiba ya kwanza haigharimu chochote. Lenga jicho hadi taswira mbili zilaliane, kisha, bila kuigusa lenzi, rudi nyuma kwa upana wa vidole viwili na ubonyeze. Tiba ya pili ni kutumia tundu la f/5.6 au dogo zaidi kila unapomkaribia mtu, kwa filamu ya ISO 400 badala ya ile ya 100.

Tiba ya kudumu ni fundi. Ndani ya lenzi hizi mna ringi nyembamba mfano wa washa, inayoamua vioo vikae wapi. Ringi ikiongezwa unene kwa kiasi kinachokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita, ukali hurudi kwenye jicho kwa umbali wa mita moja. Gharama yake ni kwamba milima ya mbali haitakuwa kali kabisa kwa f/2. Kwa f/4 na kuendelea, dosari hiyo haionekani. Katika nchi yenye jua kama letu, ambako milima hupigwa picha kwa f/8 au f/11, hayo ni mabadilishano yenye faida.

Tahadhari kwa mnunuzi

Kabla ya kulipa, hakikisha kwanza kwamba lenzi si ya kamera za Zenit za awali. Hizo nazo zilikuwa na hesi ya milimita 39, lakini ziliundwa kukaa milimita 45.2 kutoka kwenye filamu. Itaingia, ila picha zake zitakuwa ukungu mtupu.

Pili, Jupiter-12 ina kioo cha nyuma kinachochomoza sana ndani ya kamera. Ifunge taratibu, na ikikwama usilazimishe.

Tatu, izungushe lenzi uone kama grisi yake imekauka, na uangalie kama mafuta yamechuruzika kwenye majani ya tundu. Tazama pia ndani ya vioo dhidi ya mwanga, kwani ukungu unaoota kwenye lenzi hustawi penye unyevu kama ule wa Pwani. Hatimaye, nunua kikinga-jua cha kufunga mbele ya lenzi. Vioo hivi vya kale havihimili jua linaloingia pembeni kama vinavyohimili vya kisasa, na huku kwetu jua halikosi pa kupenyea.

Lenzi yangu bado ninayo. Nilimrudia nyanya jioni nyingine, nikalenga jicho lake, nikarudi nyuma vidole viwili. Picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake. Ile ya dada yake imetundikwa kando yake, leso ikiwa kali na macho yakiwa na ukungu, kwa kuwa hakuna nyingine. Laiti ningalitumia gazeti moja na filamu moja kuijaribu lenzi kabla ya jioni ile, ukuta huo leo ungekuwa na nyuso mbili.