Mota Ndogo Yenye Nguvu ya Kuzungusha

Katika nchi ya Mbozi, kata ya Isansa ikiwamo, watu wengi hulima kahawa. Matunda yaivapo huchumwa yangali mekundu, nayo yapasa kumenywa siku ile ile. Kwa maana yakilala na maganda yake huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha haina harufu njema wala bei njema. Wakulima wengi huzungusha mashine ya kumenya kwa mkono, jioni, baada ya kuchuma mchana kutwa. Basi si ajabu mwanafunzi apendaye ufundi kuuliza: Je, mota ndogo ya umeme yaweza kushika mpini huu badala ya mkono?

Yaweza, lakini si kila mota. Chukua ile iliyomo katika kigari cha kuchezea watoto, uiunganishe na betri yake. Yavuma kama nyuki, nayo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Lakini ukiushika mhimili wake kwa vidole viwili, husimama. Mbio inazo, nguvu ya kuzungusha haina.

Nguvu ya kuzungusha hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: nguvu ya kusukuma, na urefu toka katikati ya mhimili hata pale unaposukuma. Ndiyo sababu mlango husukumwa kwa urahisi mbali na bawaba, na kwa taabu karibu nazo. Tena fundi baiskeli akutapo nati iliyoshika kutu huchukua spana ndefu.

Kabla ya kutafuta mota, ipime kazi. Ifunge mizani ya springi kwenye mpini wa mashine, uvute hali kamba na mpini zimefanya pembe mraba, ukaangalie mizani wakati mashine inapozunguka polepole. Mashine na iwe na kahawa ndani, kwa maana mashine tupu hudanganya. Tuseme mizani yaonyesha kilo 5. Kilo 1 huvutwa na dunia kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi. Basi hizo ni nyutoni 50. Ikiwa mpini una urefu wa sentimita 30, yaani mita 0.3, nguvu ya kuzungusha ni 50 mara 0.3, ndizo nyutoni-mita 15.

Sasa tazama ile mota ya kufutia kioo cha motokaa wakati wa mvua. Ni ndogo, hutumia betri ya volti 12, na hupatikana kwa wauzao vyuma vya motokaa zilizokufa. Ndani yake mhimili wa mota umechongwa kama parafujo, na parafujo hiyo imeshikana na meno ya gurudumu. Parafujo ikizunguka mara 1, gurudumu husogea jino 1 tu. Gurudumu likiwa na meno 50, mota huzunguka mara 50 ili gurudumu lizunguke mara 1. Hivyo mbio nyingi zageuzwa kuwa nguvu mahali padogo sana. Lakini gia haitoi kitu bure. Parafujo husuguana na meno, na nusu hivi ya kazi ya mota yaweza kupotea kuwa joto.

Tuseme mota yetu hupiga mizunguko 45 kwa dakika, na yaweza kufanya kazi mfululizo kwa nyutoni-mita 6. Hizo hazifiki 15. Tufanyeje? Tutie mnyororo wa baiskeli: gurudumu la meno 18 kwenye mota, na la meno 48 kwenye mashine. 48 kwa 18 ni 2.7 hivi. Mashine itakayo 15 sasa huilemea mota kwa 5.6 tu, nayo yaiweza. Lakini mizunguko yapungua vivyo hivyo, toka 45 hata 17. Mtu mwenye nguvu atazungusha upesi kuliko hivyo. Faida ya mota ni kwamba haichoki.

Mota hii itatumia wati 55 hivi, yaani ampea 4.5 au 5 kidogo. Betri ya ampea-saa 40, isipomalizwa zaidi ya nusu, itafanya kazi saa 4.

Ujihadhari na hesabu za wauzaji. Mara nyingi ile namba kubwa iliyoandikwa juu ya mota ni nguvu yake inapolemewa hata ikasimama. Mota iliyosimama hali umeme wapita ndani yake hula umeme mwingi kuliko wakati wo wote mwingine, na haifanyi kazi yo yote; umeme wote huwa joto, waya hunuka moshi, na mota hufa. Ichague ambayo mzigo wako ni robo au theluthi ya namba ile, wala usizidishe. Tena tia fyuzi karibu na betri, ili jiwe dogo likinasa katika mashine fyuzi ikatike mota isiungue. Nao mnyororo ufunikwe kwa bati kabla ya kuunganisha waya, kwa sababu mota haisikii mtoto akipiga kelele, na kidole hakina gia.