Embe Zuri Halijiuzi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ziara zetu huku Ukambani tumeanza kufikiri kwamba mhenga huyo hakuwa na miembe. Pita Makueni au Machakos mwezi wa Januari utaona mwenyewe: maembe mazuri kabisa yamelala chini ya mti, nzi wanayala, na mwenye shamba amekaa kivulini akingoja lori.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea kilitueleza hivi: "Broka alikuja asubuhi akasema bei ni shilingi nne kila embe. Tukakataa. Jioni akarudi, akasema sasa ni tatu kwa sababu yameiva zaidi. Tukampa." Mweka hazina alicheka aliposema hayo, lakini haikuwa furaha. Pesa hizo ndizo walizokuwa wamezipangia karo ya muhula wa kwanza.

Ni rahisi kumlaumu broka, na wengine wao kweli ni watu wa hila. Lakini naye ana gharama zake: lori, mafuta, wapakiaji, ushuru wa soko, na maembe yatakayooza njiani. Nguvu yake hasa haitoki kwenye lori. Inatoka kwenye habari. Anajua jana embe liliuzwaje Nairobi, anajua ni nani anayetaka embe la aina gani, na anajua ya kwamba wewe hujui. Tena anajua kwamba ukikataa leo, kesho tunda litaanguka.

Kutafuta soko ndiko kuziba pengo hilo. Wengi wetu tunadhani ni kazi inayoanza baada ya kuvuna: kupaka kibao rangi, kuita wateja, kupiga kelele. Hapana. Inaanza kwa kumuuliza mnunuzi anataka nini, kiasi gani na lini, kabla tunda halijakomaa. Wengine hata huuliza kabla ya kuchimba shimo la kupandia mche.

Tazameni wanunuzi wenyewe walivyo tofauti. Mama wa mjini anayenunua matunda ya watoto hupenda lile embe la mviringo tuitalo Apple, jekundu kidogo, tamu, lisilo na nyuzi. Wanaosafirisha nje ya nchi hupenda Tommy Atkins au Kent, kwa kuwa ngozi yake huvumilia safari. Kiwanda cha juisi hakijali sana uzuri wa sura. Chenyewe kinataka utamu na nyama nyingi, nacho hununua kwa kilo. Huko Kalamba, serikali ya kaunti ya Makueni ilijenga kiwanda cha kusaga maembe, na embe lenye doa ambalo mama wa mjini angelikataa linaweza kupokelewa pale. Sasa mkulima anayemwaga yote katika lori moja kwa bei moja amewauzia watu wote hawa kwa bei ya yule anayelipa kidogo zaidi.

Hebu tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila kikundi kiweke zake. Tuseme wanachama ni 25, kila mmoja ana miembe 10, na kila mti unatoa matunda 300. Hayo ni maembe 75,000. Kwa broka, kwa shilingi 4, mtapata 300,000. Sasa chagueni. Makubwa na safi 25,000 yauzwe mjini kwa shilingi 10: ni 250,000. Ya kadiri 30,000 yapelekwe kiwandani. Yakiwa matatu kwa kilo, ni kilo 10,000, na kwa shilingi 15 kwa kilo ni 150,000. Yaliyobaki 20,000 yauzwe hapa hapa sokoni kwa shilingi 2: ni 40,000. Jumla ni 440,000. Ondoeni 60,000 za kreti na gari, inabaki 380,000. Kila mwanachama ameongeza shilingi 3,200. Si utajiri, hatutawadanganya. Lakini miti ni ile ile na jasho ni lile lile. Kilichoongezeka ni kuuliza na kuchagua.

Wengine watasema watakausha vipande na kuuza kwa pakiti. Ni vizuri, ila jueni kwamba karibu kilo kumi za maembe hutoa kilo moja tu iliyokauka, kwa hiyo msiweke bei kwa kukisia. Na duka kubwa litawauliza alama ya Shirika la Viwango la Kenya, uzito na tarehe ya mwisho ya kutumika. Msikasirike. Maswali hayo ni ya yule mtu atakayekula.

Huyu mlaji tunamsahau mara nyingi, ingawa sisi wenyewe ni walaji tukienda dukani. Yeye haoni shamba lako. Anayoyajua ni yale aliyoambiwa na yale anayoyaona. Kuna wachuuzi wanaoivisha matunda kwa kabaidi, ile itumiwayo na wachomeleaji vyuma. Nje embe ni njano, ndani ni chachu, na kabaidi hiyo huweza kuwa na uchafu wa sumu. Mlaji akidanganywa hivyo mara mbili hanunui tena, hata kwa mkulima mwaminifu. Kikundi kinachochuma tunda lililokomaa, kikaliosha na kuandika jina lake kwenye kreti, kinampa mlaji njia ya kujua amrudie nani, na pia amlaumu nani. Hilo la pili vikundi vingi hulikimbia. Kwetu sisi ndilo linalojenga jina.

Tena kuna jambo linalopita kikundi kimoja. Mwaka 2003 nzi mgeni wa matunda aligunduliwa hapa Kenya. Hutaga mayai chini ya ngozi ya embe, na mabuu hula ndani. Shehena zilizokwenda Ulaya zikakutwa na mabuu, na mwaka 2014 Kenya ikasimamisha yenyewe kupeleka maembe huko. Miaka saba ikapita. Ilikuwa 2021 ndipo yakaanza kwenda tena, baada ya kazi ya kupambana na nzi katika maeneo kama Makueni. Fikirini: aliyekuwa msafi na aliyekuwa mchafu walifungiwa pamoja. Nzi hajui mpaka wa shamba. Ukitega mitego ya kuvuta nzi dume, ukaokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia futi mbili chini, halafu jirani akaacha yake yaozee juu ya ardhi, kazi yako imepotea. Ndiyo sababu tunasema soko ni jambo la kupelekwa hata kwenye baraza la chifu, kama vile maji na barabara.

Tulirudi kwa wale akina mama mwezi wa Oktoba, maembe yakiwa bado madogo. Mweka hazina alitoa daftari la kurasa nane. Wamehesabu miti ya kila mmoja kwa aina yake, na wameandika simu za wanunuzi watatu, mmoja wao wa kiwandani. Kila Jumatatu mmoja wao humpigia binamu yake mwenye kibanda Nairobi, huuliza bei, huiandika. Broka ameshapita mara moja. Walimkaribisha chai, wakamfungulia ukurasa wa bei, wakamwuliza yeye atatoa ngapi.