Kimeng'enya Kinachokata Mfupa

Mchoraji Henri de Toulouse-Lautrec alizaliwa Albi, Ufaransa, mwaka 1864, wazazi wake wakiwa mabinamu. Alipokuwa na miaka 13 alivunjika paja moja, mwaka uliofuata likavunjika la pili. Miguu yake haikurefuka tena. Karibu karne moja baadaye, madaktari Pierre Maroteaux na Maurice Lamy walisema huenda alikuwa na piknodisostosi, ugonjwa adimu wa kurithi waliouelezea mwaka 1962. Mifupa ya mgonjwa huwa mizito kupita kiasi, lakini huvunjika kwa urahisi.

Chanzo cha ugonjwa huo kilijulikana mwaka 1996, pale Bruce Gelb na wenzake walipoonyesha kuwa wagonjwa wana hitilafu katika jeni ya kathepsini K, kimeng'enya kinachokata protini.

Mfupa ni kiungo hai, hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Kazi ya kubomoa ni ya seli ziitwazo osteoklasti. Seli hiyo hunata juu ya mfupa, huziba kingo zake zote, kisha humwaga asidi chini yake. Asidi huyeyusha madini ya kalsiamu, na nyuzi za protini ya kolajeni hubaki wazi. Hapo ndipo kathepsini K huzikata vipande vipande. Ikikosekana, mfupa mkuukuu hauondoki, na mfupa usiofanyiwa ukarabati hauna uimara.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi mambo hugeuka. Homoni ya estrojeni hupungua, ubomoaji huushinda ujenzi, na mifupa hudhoofika. Watafiti wakajiuliza: je, tukikizuia kimeng'enya hiki kwa kiasi, hatutaiokoa mifupa hiyo?

Kampuni ya Merck ilitengeneza odanacatib, kidonge cha mara moja kwa wiki, ikakijaribu kwa wanawake zaidi ya 16,000 wenye miaka 65 na kuendelea. Wale waliokinywa walivunjika nyonga kwa karibu nusu ya kiwango cha wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hata hivyo, walipata kiharusi zaidi. Mwaka 2016 kampuni iliachana na dawa hiyo.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kathepsini K haikai mfupani tu. Imo pia katika kuta za mishipa ya damu, na anayezuia kimeng'enya hazuii kazi yake mahali pamoja tu. Nyonga iliyookolewa haimfidii mama aliyepooza. Heshima iwaendee wanawake wale waliojitolea, kwani bila wao hatari ile ingegundulika dawa ikiwa tayari madukani.

Dawa nyingine za kupunguza ubomoaji wa mfupa zipo na zinatumika. Kwa hiyo, mama aliyekoma hedhi akivunjika mkono au nyonga kwa kuteleza tu, asiishie kufungwa plasta. Amwombe daktari ampime uimara wa mifupa kabla mfupa mwingine haujavunjika.