Maafa ya Viwandani Hayazuki Ghafla

Mara nyingi maafa ya kiwandani huitwa "ajali", kana kwamba hayana chanzo wala mwenye dhamana. Fikra hiyo si sahihi. Ni lazima tutofautishe hatari na maafa. Hatari imo katika kila mtambo wenye sumu, mafuta au umeme mkubwa, na hakuna taifa litakalojenga viwanda bila hatari. Maafa huja pale kinga zinapoachwa zife moja baada ya nyingine.

Tuchukue mfano wa Bhopal, nchini India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia katika tangi la kiwanda cha dawa za kuulia wadudu cha Union Carbide. Ndani yake mlikuwa na takriban tani 40 za methili isosayaneti. Joto likapanda, na gesi ya sumu ikatanda juu ya makazi ya makabwela yaliyopakana na kiwanda. Maelfu ya watu walikufa.

Je, kiwanda hakikuwa na kinga? Kilikuwa nazo. Lakini mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa. Mnara wa kuunguza gesi ulikuwa ukingoja matengenezo. Wafanyakazi wa zamu walikuwa wamepunguzwa. Biashara ilikuwa mbaya, gharama zikabanwa, na usalama ukabanwa pamoja nazo. Nje ya ukuta, wananchi hawakuwa wameelezwa ni sumu gani iliyomo humo, wala namna ya kujikinga nayo.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni matunda ya ubepari tu. Tujihadhari na jibu jepesi. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja katika mtaa wa Sinai, Nairobi, kutoka bomba la shirika la umma. Wakazi walitoka na ndoo kuyachota; moto ukalipuka, na watu wapatao 100 wakapoteza maisha. Walijua kuwa petroli huwaka. Lakini umaskini ndio uliowafanya wajenge vibanda kando ya bomba, na umaskini huo huo ndio uliowapa ndoo mkononi. Basi umilikaji wa umma peke yake si kinga.

Wajibu wa kada ni nini? Kwanza, ahakikishe kuwa fedha za matengenezo haziwi za kwanza kukatwa bajeti inapopungua. Pili, mfanyakazi anayetoa taarifa ya kasoro asikilizwe, asionekane mkorofi. Tatu, wananchi jirani waelezwe hatari iliyopo, wafundishwe njia ya kukimbilia, na king'ora kijaribiwe mbele yao. Nne, eneo la usalama lilindwe tangu mwanzo, na wanaohamishwa wapewe mahali pa kuishi; bila hivyo watarudi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa upya. Waliofunikwa nao hawarudi.