Kufuli Lililofichwa Ndani ya Bastola

Msomaji mmoja ametazama filamu, akauliza: kwa nini bastola ikiishiwa risasi, sehemu yake ya juu ikabaki nyuma, mdomo wa mtutu huonekana umeinuka kidogo kama uliopinda? Haukupinda. Mkia wa mtutu ndio ulioshuka, na katika kushuka huko mna ufundi wa ajabu.

Habari za fataki na baruti tuziache, twende kwenye nguvu. Katika M1911, bastola aliyoibuni Mmarekani John Browning na jeshi la nchi yake likaipokea mwaka 1911, baruti ikiwaka hulisukuma ganda la risasi nyuma kwa nguvu ya zaidi ya tani moja. Springi iliyo chini ya mtutu, hata ikibanwa mpaka mwisho, hukaza kwa kilo 7 hivi. Haiwezi kuzuia kishindo hicho.

Kinachozuia ni chuma kwa chuma. Ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele tuiite mtelezo. Mgongoni mwa mtutu mna matuta mawili, nayo hukaa ndani ya mifuo iliyochongwa ndani ya mtelezo. Vikishikana hivyo, mtutu na mtelezo huwa kitu kimoja.

Mwone kijana akiruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini: mtumbwi unachomoka nyuma. Ufunge kwa kamba na mashua nzito, kisha aruke tena. Vyombo vyote viwili vitarudi pamoja, tena polepole, na kijana atakuwa ameshatua kabla havijafika mbali. Hapo kamba yaweza kufunguliwa bila hatari, mtumbwi ukazuiwa na mashua ikaendelea kurudi. Kijana ni risasi, mtumbwi ni mtutu, mashua ni mtelezo. Risasi ya M1911 ina gramu 15 hivi. Mtutu na mtelezo kwa pamoja vina uzito wa takribani mara 30 yake. Basi risasi ikienda sentimita 10 ndani ya mtutu, vyenyewe husogea milimita 3 hivi tu.

Mfungua kamba ni kipande kidogo cha chuma chenye matundu mawili. Tundu la juu limeshikwa kwa pini na mtutu, la chini na kiunzi cha bastola. Mtutu ukirudi, kipande hicho huzunguka kwenye pini ya chini na kuuvuta mkia wa mtutu ushuke. Matuta yanachomoka, mtutu unasimama, mtelezo unaendelea na kulitupa nje ganda tupu.

Sasa ni zamu ya springi. Huusukuma mtelezo mbele, ukakokota risasi mpya kutoka kwenye magazini, na mtutu ukapanda hadi matuta yaingie tena.

Browning alifariki mwaka 1926 akiwa Ubelgiji. Mbunifu Dieudonné Saive aliikamilisha bastola aliyoianza, Hi-Power ya 1935, ambayo badala ya kipande kinachozunguka ina mteremko uliochongwa chini ya mtutu wenyewe. Bastola nyingi za leo hufuata njia hiyo. Ndogo zenye risasi dhaifu hutegemea uzito wa mtelezo na springi tu.

Springi ikichoka, mtelezo huweza kukwama kabla ya kufika mbele, na matuta yasiingie sawasawa. Kwa hiyo M1911 ina kipande kinachokata mawasiliano ya kifyatulio na nyundo mpaka mtelezo urudi mahali pake. Springi ya kilo 7 haiushindi mlipuko, lakini bila yake kufuli halifungi.